Tulivyoikwangua Sauti ya Bibi

Haya, sogeeni, sogeeni jamani. Mwenye kigoda akae, mwenye magoti mazima achuchumae, na wewe unayepepeta uwele weka ungo chini kidogo, maana hadithi yangu haipendi vumbi. Nimecheka wiki nzima peke yangu, na msiponisaidia kucheka leo nitaishia kulia. Kulia peke yangu nilishakula fungu langu utotoni, nikashiba, nikafunga kibwebwe.

Ni hivi. Jumapili iliyopita kanisani, hapa hapa mjini Dodoma, kijana wa kinanda cha umeme alikuwa anapiga wimbo. Mama mmoja aliyekuwa anauongoza ukamshinda, ulikuwa juu mno kwake, akakohoa. Kijana hata hakumtazama. Akabonyeza kitufe kimoja, tii, wimbo mzima ukashuka kama mtu anayeshuka kitandani. Mama akaendelea kuimba. Basi, imekwisha. Mimi nikaanza kucheka. Nikacheka mpaka mzee wa kanisa akaja kuniuliza taratibu kama niombewe. Nikamwambia baba, niache tu, wewe hujui. Kitufe kimoja! Sisi kazi ile ile ilitupeleka safari ya lori na treni, ikatula siku tatu, tupa moja, nyembe nne na nta ya mzinga mzima. Na babu yangu aliingia kwenye kazi ile akiwa mtu mmoja, akatoka mwingine.

Nilikuwa na miaka kumi, au tuseme kumi na mmoja. Karatasi yangu ya kuzaliwa ililiwa na mchwa, kwa hiyo nachagua umri ninaoupenda. Tulikuwa tunakaa Mlali, kule Kongwa, kwenye tembe ya Babu na Bibi, wazazi wa mama yangu. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa, sabuni imerudi dukani tena yenye harufu, watu wanavaa makoti ya Ulaya kwenye jua la Dodoma wakitoka jasho kwa furaha. Kila mwenye miguu alikuwa anakwenda Dar es Salaam kuuza mitumba. Baba akaenda. Mama akamfuata. Mimi nikaachwa kijijini kwa muda mfupi. Muda mfupi wa wazazi wangu, nawaambieni, ungekuwa kamba ungefika Busi, wilaya nyingine kabisa, na kurudi, na ungebaki wa kufungia mbuzi.

Mwaka huo huo Bibi akafariki.

Nyie hamkumwona Bibi yangu. Alikuwa mdogo wa mwili, ungeweza kumficha nyuma ya mtungi, lakini sauti yake ilikuwa nzito kuliko ya mwanamume yeyote wa Mlali. Akiita mbuzi wake, ng'ombe wa kijiji cha pili wanasimama wakidhani wameitwa wao. Akiimba kanisani vumbi linadondoka kutoka darini, mpaka mchungaji akazoea kuhubiri akiwa amevaa kofia. Na hakuimba hivi hivi. Aliimba na kodiani ya Babu.

Kodiani hiyo Babu aliipata ujanani, enzi za mradi wa karanga pale Kongwa. Wazungu walikuja na matrekta mengi kuliko karanga zenyewe. Mradi ulipokufa, dereva mmoja wa Kizungu akampa Babu kodiani, Babu akampa mbuzi. Ilikuwa kodiani ya zamani hata siku hiyo, ya mbao nyeusi, ina vifungo kumi tu upande mmoja na viwili vya besi upande wa pili. Ukivuta, kifungo kinasema sauti hii. Ukisukuma, kifungo hicho hicho kinasema nyingine, kama mtu mwenye wake wawili. Na ukorofi wake mkubwa ni kwamba kodiani ya namna ile ina njia moja tu ya sauti. Huwezi kuipandisha wala kuishusha. Mwimbaji ndiye anayeifuata, akishindwa anyamaze. Sasa njia ya kodiani ile ilikuwa chini, chini kabisa, na koo la Bibi lilikuwa huko huko chini. Babu alikuwa anasema hakumchagua Bibi yeye, kodiani ndiyo iliyomchagua, yeye alibeba tu mzigo kumpelekea mwenyewe.

Bibi alipokwenda, kodiani ikafunikwa kanga yake, ikawekwa juu ya ghala la uwele. Na Babu naye akafunikwa. Alikuwa hai, anachunga, anachimba, lakini maneno yalimwisha. Asubuhi namwamkia, shikamoo Babu, anaitikia marahaba, na hiyo marahaba inatutosha mpaka kesho yake. Tulikuwa wawili ndani ya tembe ndefu iliyojengwa kwa ajili ya watu ishirini. Jioni nasonga ugali, napika mlenda, tunakula, unasikia tonge linavyoshuka kooni. Upepo wa kwetu mnaujua, unaanza saa kumi unapiga mluzi kwenye nyufa mpaka unadhani kuna mtu anaita. Mimi nilikuwa natoka nje, napiga hodi mwenyewe, nakuja kujifungulia mwenyewe, naulizana habari za nyumbani, najikaribisha ndani. Siku moja nilijigombeza kwa kuchelewa kuja. Kuku walinizoea mpaka wakawa wananitazama kwa huruma, na kuku si mnyama wa huruma.

Sasa, kwetu mtu akitimiza mwaka kaburini tunamjengea. Ndugu wanakuja, kwaya inakuja, kaburi linatiwa saruji na msalaba, watu wanakula. Na Bibi kabla hajafa aliacha neno moja tu. Hakusema mbuzi apewe nani wala shamba lilimwe na nani. Alisema siku ya kumjengea uimbwe wimbo wake, ule aliotunga mwenyewe mwaka wa njaa, uimbwe na mwanamke wa damu yake, na kodiani iwepo. Babu akamwambia sawa. Kwa hiyo hilo ndilo deni pekee Babu alilobaki nalo duniani, na nadhani ndilo lililokuwa linamwamsha asubuhi.

Wa damu yake alikuwa mama yangu, mtoto wao wa pekee aliyebaki hai. Wote tulijua atakuja. Mimi nilijua kuliko wote. Nilishapanga hata nitakachomwambia kwanza na nitakachomnunia kwanza. Imebaki kama miezi miwili, dereva wa lori akaleta barua. Mwalimu wa shule akatusomea pale barazani. Mama anasema ndiyo kwanza wamepata meza sokoni, wakiiacha hata siku tatu inachukuliwa na mwingine, baba anaumwa mgongo, wanaomba msamaha kwa marehemu, na mtoto asalimiwe. Mtoto ndiye mimi. Mwalimu akaikunja barua akanipa mimi badala ya Babu, sijui kwa nini, labda aliona uso wangu.

Jirani yetu, mama mmoja mwenye duka, alikuwa wa kwanza kijijini kuwa na redio kaseti. Alikuwa mwema, tatizo lake betri. Tangu anunue ile redio hakuna jambo duniani asilolitafutia kaseti. Mtoto akikataa kula, kaseti. Ng'ombe akigoma kutoa maziwa, kaseti. Akaja jioni ile akamwambia Babu asijisumbue, siku hizi mambo yamerahisishwa, atatafuta kaseti ya nyimbo za maziko, wataweka pale kaburini, sauti itasikika mpaka barabarani. Babu alikuwa anasuka kamba. Hakuinua kichwa.

"Mke wangu haagwi na betri," akasema.

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyosema tangu mazishi. Jirani akaenda zake, na mimi nikabaki nayahesabu, yalikuwa matano.

Kesho yake Babu akaishusha kodiani, akaifuta, akaniambia niimbe mimi, mwanamke wa damu aliyebaki. Nikafungua mdomo. Mnajua kifaranga akikanyagwa? Hiyo ndiyo sauti niliyokuwa nayo, nyembamba, iko juu kule na kunguru. Kodiani inanguruma chini kisimani, mimi niko juu ya paa. Nikijaribu kushuka, sauti inakatika, inatoka hewa tupu. Tulijaribu siku nne. Siku ya nne nikaanza kulia, si kwa wimbo, kwa sababu niliona Babu anavyoitazama ile kodiani kama mtu anayetazama mguu wake uliovunjika. Nikamwambia, Babu, basi ipandishe wewe, hii inijie mimi. Nilisema kwa ujinga wa kitoto, kama mtu anavyosema shusha mwezi. Yeye akaifunga kodiani, akasema yupo mtu Bahi.

Kwa kufika huko tulipanda lori la alizeti mpaka mjini, mimi juu ya magunia nimeikumbatia kodiani kama mgonjwa. Pale mjini pembeni ya stesheni kulikuwa na malundo ya mitumba, makubwa kama vilima, na mimi nikawa natazama kila gauni najiuliza kama mama ndiye aliyefungua mzigo wake. Kisha treni. Bahi mwaka huo ilikuwa na maji, mpunga umesimama kijani mpaka macho yanauma. Sisi watu wa uwele tulikula wali na kambale mfululizo, na sitanii, kambale mmoja alikuwa mrefu mpaka tulianza kumla kichwa Jumatatu, mkia tukaukuta Jumatano.

Fundi mwenyewe alikuwa mfua vyuma na mtengenezaji wa marimba, haya marimba yetu ya Kigogo ya kupigwa kwa vidole gumba. Mzee mfupi, mikono myeusi kwa masizi, sikio moja limekatika ncha. Watu walisema sikio lile lilikatwa ili lililobaki lisikie zaidi. Tukasalimiana, mbukwa, mbukwa, akaichukua kodiani, akaivuta, akainusa. Ndiyo, aliinusa. Hakuwahi kufungua kodiani maishani mwake, na hakuficha. Alisema tu kila chenye ulimi anaweza kukifundisha kusema.

Akang'oa vimisumari, akatenganisha ubavu. Ndani mule, jamani. Mimi nilidhani nitakuta kitu kikubwa, labda mtu. Kumbe ni vibao na ndimi ndogo za chuma, zimepangwa safu safu, kila moja imegandishwa kwa nta kwenye kitundu chake. Nyembamba kama ukucha. Kila kibati cha kushikia ndimi kina ulimi mbele na ulimi nyuma, mmoja unasema ukivuta, mwingine ukisukuma. Na hiyo ndiyo sauti ambayo Bibi aliifuata miaka arobaini. Babu aliinama akazitazama moja moja.

Fundi akaeleza. Ukiukwangua ulimi nchani unakuwa mwepesi, sauti inapanda. Ukiukwangua kwenye shina, inashuka. Unauinua kwa wembe, unaupitisha tupa pole pole kama unamnyoa mtoto mchanga, unapuliza, unasikiliza, unakwangua tena. Sisi tunataka kupanda, tena kupanda sana, kwa hiyo kila ulimi utakwanguliwa nchani, na nyingine za zamani hizi huenda zikavunjika, atatengeneza mpya. Akachukua tupa. Hapo Babu akaweka kiganja juu ya zile ndimi.

"Ukishaigusa, na mimi siku moja nikiitaka sauti ile ya kwanza, itarudi?"

Fundi akamtazama. "Mzee, chuma si nywele."

Babu akatoa mkono. Akaomba irudishwe kwanza kama ilivyokuwa. Fundi akaufunga ubavu. Babu akaibeba akatoka nayo, akaenda kukaa kwenye tuta la mpunga, sisi tukabaki kivulini kwenye karakana. Akaupiga wimbo wa Bibi wote, mwanzo mpaka mwisho, kule chini kwake. Mahali pa kuimba anapoingia Bibi, yeye alikuwa anapiga polepole kidogo, anampa nafasi. Hakuna aliyeingia. Vyura walikuwa wanapiga kelele za kutosha kujaza dunia, lakini pale kwenye nafasi ile, naapa, hata vyura walinyamaza. Sawa, labda hawakunyamaza. Mimi sikuwasikia. Alipomaliza akarudi akaiweka kodiani kwenye benchi, akatandika kipande cha gazeti chini yake, akasema unga wote utakaodondoka udondokee hapo.

Sasa sikilizeni kosa letu, maana ni kosa ambalo mtu wa Ulaya asingelifanya hata umlipe. Mtu wa Ulaya angechukua kodiani nyingine, akapima hii kwa ile. Fundi wetu alikuwa na neno lake, alilirudia kila saa: chombo hupimwa na koo, koo halipimwi na chombo. Kwa hiyo aliponiambia niimbe, nikaimba. Neno moja la wimbo, ananisimamisha, anaishika sauti ile kichwani, anakwangua ulimi mpaka unalingana nami. Neno la pili, hivyo hivyo. Siku ya kwanza niliimba nikiwa nimeshiba kambale, sauti inameta. Siku ya pili nilikuwa na mafua ya mabwawa. Siku ya tatu nilikuwa namkumbuka mama. Na yule mzee akazikwangua ndimi zote vile vile nilivyokuwa, shibe yangu, mafua yangu na mama yangu, vyote ndani. Ulimi mmoja ukavunjika, akaufua mwingine kutoka kwenye utepe wa chuma wa saa mbovu, akaugandisha kwa nta mpya ya nyuki tuliyonunua pale pale. Huo ulikuwa na mkoromo kidogo, kama marimba. Akasema usiondolewe, ndio utakaozifundisha ndimi nyingine adabu.

Jioni ya tatu Babu akaichukua akapiga, mimi nikaimba. Jamani, sikuwa nakanyaga chini. Kila nilipokwenda, kodiani imeshafika, imenitandikia. Mahali ambapo sauti yangu ilikuwa inatetemeka, nayo inatetemeka. Sijawahi kusikilizwa hivyo na mtu, achilia mbali kitu. Fundi hakutaka malipo zaidi ya nta iliyobaki. Babu akalikunja lile gazeti lenye unga wa chuma, dogo kama pakiti ya dawa, akalitia mfuko wa shati, upande wa moyo.

Siku ya kujengea ikafika. Alfajiri, mafundi wanachanganya saruji, Babu akalifungua gazeti akaumwaga ule unga kwenye saruji mbichi, akaukoroga kwa koleo mwenyewe. Mmoja wa mafundi akamuuliza mzee, hiyo ni dawa ya ufa? Babu akasema ndiyo, ni ya ufa.

Watu walikuja wengi, naweza kusema elfu, ila walikuwa kama themanini. Kwaya ya kina mama ikajipanga, wale wale walioimba na Bibi, na mwalimu wa kwaya mbele yao na kile chuma chake cha kugonga, kinachotoa sauti moja ya kuanzia. Mpango ulikuwa mimi nianze, wao waitikie. Mwalimu akagonga chuma, kwaya ikashika sauti yake. Babu akavuta kodiani.

Nyie mmewahi kuona punda wawili wamefungwa pamoja, kila mmoja anakwenda kijiji chake? Kwaya huku, kodiani kule. Kina mama wakajaribu kuifuata, wanapanda kidogo, inawapita. Wanashuka, inawasubiri juu. Kulikuwa na sauti katikati ya sauti, sehemu ambayo koo la mtu mzima halina. Jirani mwenye redio akaanza kutazama njia ya dukani kwake, nikajua betri zinakuja. Mwalimu akainua mkono, wote wakanyamaza. Akamwendea Babu kwa heshima akamwambia kwa sauti ya chini, lakini tulisikia wote, mzee, hii kodiani imeharibika.

"Haijaharibika," Babu akasema. "Ni ya mtoto huyu. Nyie pumzikeni."

Kisha akanitazama, na mimi nikaona kwamba hana hakika. Alikuwa amekwangua miaka arobaini ya mke wake ili imfikie mtoto wa miaka kumi aliyeshikilia sketi yake mwenyewe kwa mikono miwili, na kama mtoto yule asingefungua mdomo, basi amemzika mara mbili bure. Nikatafuta kwenye umati, kwa mazoea ya ujinga, kama labda mama amekuja kwa siri. Hakuja. Nikaimba.

Ghala halikujaa, ndivyo unavyoanza, lakini moyo umeshiba. Nikaimba wimbo wa mwanamke mzima aliyezika watoto watatu mwaka wa njaa, kwa sauti ya kifaranga, peke yangu, na kodiani inanifuata nyayo kwa nyayo. Hakuna aliyeitikia. Hakuna aliyeweza. Nilimaliza, upepo tu unageuza kanga za watu. Babu akaifunga kodiani, akaweka mkono wake mzito kichwani kwangu, na akaanza kuongea. Akaongea na wageni, akaongea na mafundi, akamcheka jirani. Jioni alikuwa anasimulia mambo ya karanga mpaka watu wanaomba ruhusa ya kwenda kulala. Mwaka mzima wa maneno ulimwagika siku moja, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake nakula mfupa, nahisi kama nimemfungulia mtu mlango halafu kwa mara ya kwanza si mimi mwenyewe niliyebisha hodi.

Tukaimba hivyo miaka mitano, sita. Sisi wawili tu, maana hapakuwa na wa tatu aliyeweza kuingia. Watu walikuwa wanapita njiani wanasikia, wanasimama, wanakwenda. Mama alikuja mara mbili, akakaa siku mbili mbili, akasema nyumba imechangamka. Sikumnunia, nilishasahau niliyopanga.

Leo ile tembe imeanguka, pamebaki kichuguu na mnyaa wa uzio. Fundi wa Bahi alifariki, wajukuu zake ni watu wa bodaboda, niliwauliza habari ya marimba wakanionyesha wimbo kwenye simu. Kodiani ninayo, kabatini. Nta imekauka, ndimi zimelegea, ukiivuta inatoa pumzi kama mgonjwa anayetaka kusema akaghairi. Na hata ingekuwa nzima isingenisaidia kitu. Ile sauti iliyomo ndani ni ya mtoto aliyekaa Bahi siku tatu, mwenye mafua, anayemtaka mama yake. Huyo mtoto simjui tena. Wakati mwingine nakaa nayo jioni, wanangu wametawanyika, kila mtu na meza yake sokoni, nadhani kwamba duniani kuna chombo kimoja tu kilichowahi kulingana na mimi, na mimi ndiye niliyehama.

Na nilivyohama, mtanicheka. Nilipofika miaka kumi na saba sauti yangu ikashuka. Haikushuka ngazi, ilidondoka kama ndoo kisimani iliyokatika kamba. Sikuliona, maana tulikuwa tumeacha kuimba, Babu vidole vimekakamaa, macho yana ukungu. Jioni moja nilikuwa jikoni nakoroga mlenda, yeye yuko barazani. Nikaanza kuimba wimbo wa Bibi bila kufikiri, bila kodiani, huku nachochea moto.

Nikasikia kigoda kimeanguka. Nikainua macho, Babu amesimama mlangoni, amevua kofia. Hakuwa ananitazama usoni, alikuwa anatazama mahali sauti inapotokea. Akarudi ndani kwa kupapasa, akaja na kodiani, akaketi kwenye kizingiti, akasema endelea. Nikaendelea. Akavuta. Yeye yuko juu kule na kunguru, mimi niko chini, chini kabisa, pale pale pa Bibi, na hapakuwa tena na ulimi hata mmoja wa kunipokea huko. Akajaribu kifungo hiki, akajaribu kile, akavuta, akasukuma. Halafu akaacha. Akaiweka kodiani magotini, akapitisha kidole gumba juu ya ubavu wake taratibu, akageuza uso wake wa ukungu upande wangu, na kama mtu aliyebanwa na kikohozi, likamtoka:

"Kumbe ulikuwa njiani. Si ungesema tu, tukakusubiri."